Chagua Studio Kabla ya Chuo

(Haya ni maneno niliyowaambia wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa usanifu majengo na vijana walioanza kazi maofisini, hapa Dar es Salaam. Nayaweka yote kwa ajili ya walioniandikia kwamba hawakuweza kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Walimu wangu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Wenzangu wa maofisini, habari za jioni. Na ninyi wadogo zangu mliojaa mpaka kwenye ngazi, asanteni kwa kuja, maana najua wengine mna michoro ya kuwasilisha kesho asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja. Mtu amemaliza usanifu majengo, anataka shahada ya uzamili yenye mkazo wa usanifu wa miji: achaguaje programu? Kila msimu wa maombi napokea swali hilo, na karibu kila mara huja hivi: "Dada, kati ya chuo hiki na kile, kipi kikubwa zaidi?" Naomba leo neno "kikubwa" tuliweke kando. Jibu langu nalitanguliza, kisha nilitetee: chagua studio, yaani lile somo la vitendo ambapo mnapewa eneo na kulichora muhula mzima, kabla ya kuchagua chuo. Studio ndiyo itakayokula usiku wako. Studio ndiyo itakayoamua jicho lako litazoea kuona nini. Jina la chuo litakaa kwenye cheti, studio itakaa mkononi mwako.

Kwanza tukubaliane tunatafuta nini. Simama chini ya daraja la waenda kwa miguu la Manzese, Barabara ya Morogoro, saa kumi na mbili jioni. Mabasi ya mwendokasi yanapita katikati. Watu wanashuka ngazi kwa wingi. Anayeuza machungwa ametandika sandarusi yake pale ambapo watu wanalazimika kupunguza mwendo, kwa sababu anajua kwamba anayepunguza mwendo ndiye anayenunua. Bodaboda wamejipanga pale ngazi zinapoishia. Mama lishe amefuata kivuli, na kivuli kikihama naye anahamisha benchi. Mhandisi alichora barabara yake vizuri. Aliyechora kituo naye alikichora vizuri. Mfereji ulichorwa na mtu wa tatu. Sasa niambieni: ile nafasi kati ya ngazi ya mwisho na mfereji, ambayo maelfu ya watu wanaikanyaga kila siku, ilichorwa na nani?

Mnanyamaza. Haikuchorwa na mtu. Mpangamiji anashughulika na matumizi ya ardhi, sisi tunaishia kwenye mpaka wa kiwanja cha mteja, na katikati panabaki mji wenyewe. Mwishoni mwa 2021 wamachinga walipoondolewa kando ya barabara na kupelekwa maeneo maalumu, nchi nzima ilijadili sheria, kodi na usafi. Wangapi kati yetu wabunifu tulikuwa na mchoro mezani unaoonyesha namna mtembea kwa miguu na mchuuzi wanavyoweza kugawana upana uleule wa njia? Hiyo ndiyo kazi ya usanifu wa miji, na ndiyo maana nafurahi kuona ukumbi umejaa.

Kuna sababu nyingine ya kufurahi. Tuhesabu pamoja. Mpango wa Dar es Salaam wa 1949 ulichorwa na kampuni ya Kiingereza. Wa 1968, kampuni ya Kanada. Wa 1979, kampuni nyingine ya Kanada. Dodoma, mji mkuu tuliouamua wenyewe, mpango wake wa 1976 ulichorwa na Wakanada. Vukeni bahari mwende Unguja: mwaka 1923 ni Lanchester, Mwingereza, mwaka 1968 ni Scholz kutoka Ujerumani Mashariki, na kutokana na mpango huo yale majengo marefu ya Michenzani yakainuka katikati ya Ng'ambo, ule upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, na mwaka 1982 wakaja Wachina. Sisemi wote walikosea. Baadhi walifanya kazi nzuri kuliko tunavyowasifu. Ninachosema ni kwamba kwa miongo mingi kalamu ilikuwa mkononi mwa mtu ambaye jioni hakurudi nyumbani kupitia njia aliyoichora. Wakati huohuo Dar es Salaam, iliyohesabiwa watu 4,364,541 katika sensa ya 2012, ilifika 5,383,728 katika sensa ya 2022. Zaidi ya watu milioni moja ndani ya miaka kumi, na sehemu kubwa ya nyumba zao zilijengwa bila mchoro wa yeyote kati yetu.

Kwa hiyo unapokwenda kusoma, unakwenda kujifunza kuishika kalamu hiyo. Hapo ndipo swali la studio linapokuwa zito.

Nina kijana niliyefanya naye kazi, mwenye mkono mzuri kuliko wengi ninaowajua. Alikubaliwa vyuo viwili ng'ambo, akachagua chenye jina. Sikitaji chuo hicho, wala sina ugomvi nacho. Studio zake zilikuwa juu ya bandari za zamani zinazogeuzwa makazi ya watu wenye uwezo: ardhi tupu, mwenye ardhi mmoja, bajeti nene, sheria zinazofuatwa. Alirudi anachora vizuri mno. Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa ya urasimishaji wa makazi, huko pembezoni ambako watu walishagawana viwanja wenyewe kwa kamba na hatua za miguu. Akaandaa ramani yenye njia pana na miti pande zote mbili, akaitandaza kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Mzee mmoja, mjumbe wa siku nyingi, akaiinamia, akaweka kidole juu ya ile njia, akauliza kwa upole: "Mwanangu, hii imepita chumbani kwa nani?"

Kijana yule aliniambia baadaye kwamba katika miaka yake yote ya uzamili hakuna mwalimu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Hakuna! Si kwamba walimu walikuwa wabaya. Uwanja waliompa haukuwa na chumba cha mtu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kulipa hata ada ya maombi, ulizeni mambo matatu kuhusu studio. Mnapochora mnachora wapi? Siku ya kutetea michoro nani anakaa mezani, walimu peke yao au na watu wa eneo husika na halmashauri? Na muhula ukiisha, michoro inakwenda wapi? Hili la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu vyuo vingi hulijibu kwa kigugumizi.

Niwape mfano wa jibu zuri. Mwaka 2006 kikundi cha wanafunzi wa uzamili wa Harvard, wa fani tofauti za usanifu na mipango, kilianzisha asasi inayoitwa Kounkuey Design Initiative na kuanza kazi katika makazi ya mabanda ya Kibera, Nairobi. Wangeweza kupiga picha, kuchora mabanda mazuri na kurudi kupata alama zao. Wamefanya hivyo wangapi Kibera! Hawa walikaa na vikundi vya wakazi, wakachagua pamoja nao maeneo kando ya mto yaliyokuwa majalala, wakayageuza viwanja vya watu wote. Na hapa nataka msikilize vizuri: kila eneo lilitakiwa liwe na njia ya kujiingizia kipato, vibanda, choo cha kulipia au shughuli nyingine, ili lijitunze baada ya wageni kuondoka. Swali la nani atafagia na kwa fedha ya nani liliingia kwenye usanifu tangu mwanzo. Asasi ile imeendelea Kenya kwa miaka mingi, na mbinu zilizozaliwa Kibera zimepelekwa mpaka bonde la Coachella, California, kwenye makazi ya wafanyakazi wa mashambani. Kibera imefundisha California. Mkisikia kwamba elimu hii inatiririka upande mmoja tu, kumbukeni hilo.

Mfano wa pili, nao wa Nairobi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na vyuo vya Marekani vya Columbia na MIT na kampuni ndogo ya Groupshot katika mradi wa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu simu mkononi, njia baada ya njia, wakirekodi kila mahali gari linaposimama, pawe na kibao cha kituo au pasiwe nacho. Mwaka 2014 wakatoa ramani ya zaidi ya njia 130, imechorwa kwa rangi kama zile za treni za chini ya ardhi, na takwimu zake zikawekwa wazi kwa mtu yeyote. Mwaka uliofuata njia zile zikaingia kwenye Google Maps. Usafiri ambao wakubwa walizoea kuuita vurugu ukaonekana una mpangilio wake. Je, chuo unachokitaka kina mwalimu anayefanya kazi ya namna hii? Kama yupo, jina lake unalijua? Kama hulijui, unaomba nini pale?

Hilo linanipeleka kwa walimu, na hapa nina kisa ninachotaka kila Mwafrika anayekwenda kusoma usanifu akijue. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kijana kutoka Nigeria, Adedokun Adeyemi, alikuwa anasoma usanifu Manchester. Akatazama anachofundishwa na akatazama nchi anayorudi, akaona haviendani: nyumba za kuhifadhi joto, kwa mtu anayerudi kwenye jua. Hakunyamaza. Manung'uniko yake yalichangia kuitishwa kwa mkutano wa usanifu wa nchi za joto mjini London mwaka 1953, na mwaka 1954 idara ya usanifu wa kitropiki ikafunguliwa katika shule ya Architectural Association. Ikaja kuongozwa na Otto Koenigsberger, Mjerumani aliyewakimbia Wanazi na kufanya kazi India kama msanifu mkuu wa Mysore. Yeye na wenzake wakatambua kwamba tatizo lilikuwa kubwa kuliko paa na dirisha, lilikuwa la miji yenyewe. Mwaka 1971 idara ikahamia University College London, na ndiyo leo kitengo cha mipango ya maendeleo katika kitivo chake cha Bartlett, kinachofundisha usanifu wa miji katika mazingira kama yetu. Jiwe la msingi la programu ile ni swali la mwanafunzi Mwafrika aliyekataa kusoma kisichomhusu. Ninyi mnakwenda na swali gani?

Narudia, mnakwenda na swali gani? Mtu akiniambia "nataka kusoma usanifu wa miji" sina la kumshauri. Akiniambia "nataka kujua namna ya kujenga kwa msongamano Kariakoo bila kuua biashara ya ghorofa ya chini", hapo tunaweza kutafuta mwalimu. Akiniambia "mafuriko ya Msimbazi", nitamwonyesha wanaofundisha usanifu wa mandhari na maji pamoja na mji, na chuo cha Delft, Uholanzi, ni mahali pa kuanzia, kwa sababu Waholanzi wameishi na maji muda mrefu. Akiniambia "Mji Mkongwe na Ng'ambo", kabla ya kufikiria ndege nitamtuma Unguja asome kazi ya Ng'ambo Tuitakayo, ambapo idara ya mipangomiji ya Zanzibar ilikaa na wataalamu kutoka Uholanzi na wakazi wenyewe, wakaorodhesha baraza, viwanja, miti na majina ya mitaa kabla ya kuchora chochote. Ng'ambo ndiko waliko watu wengi wa mji ule, lakini kwa muda mrefu vitabu vilitazama Mji Mkongwe tu.

Sasa tuje kwenye muda, fedha na karatasi. Nitakwenda haraka, lakini andikeni.

Programu hizi hazilingani urefu. Ya Harvard, ambako Sert, mkuu wa shule yake ya usanifu, aliitisha mkutano wa usanifu wa miji mwaka 1956 na programu ikaanza 1960, ni ya miaka miwili. Ya Columbia ni mihula mitatu mfululizo inayoanza kiangazi. Berkeley, California, ni mwaka mmoja. Delft ni miaka miwili. Uingereza nyingi ni mwaka mmoja. Mwaka mmoja ni mfupi kuliko unavyodhani: unafika Septemba, Novemba ndiyo unaanza kuzoea baridi, na baada ya Krismasi unaulizwa tasnifu yako inahusu nini. Unamfaa mtu mwenye swali lililoiva. Ambaye bado anatafuta, miaka miwili itamtendea haki zaidi.

Ufadhili nao una masharti yanayogusa maisha. Chevening ya Uingereza inataka uwe umefanya kazi angalau miaka miwili, na urudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani, kwa kozi za maendeleo nao kwa kawaida unataka uzoefu wa kazi. Ndani ya huo kuna programu ya Stuttgart pamoja na Chuo Kikuu cha Ain Shams, Cairo, ambapo unasoma Ujerumani na Misri, na mimi naipenda kwa sababu nusu ya elimu inapatikana katika jiji la Afrika. Ubelgiji, Leuven, kuna kozi za makazi na miji zilizowahi kusomesha Watanzania wengi. Norway ilikuwa bure kwa wote, lakini tangu 2023 wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa ada. Msidanganywe na taarifa za zamani. Na ninyi wenye familia: tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa madarasa, usio wa utafiti, Uingereza kwa kawaida haruhusiwi kwenda na mwenza na watoto kama wategemezi. Jueni hilo sasa, mkiwa mmekaa na wenzenu sebuleni, kabla ya barua ya kukubaliwa kuwafanya wote mlie.

Karatasi. Shahada ya usanifu wa miji unayoisoma baada ya shahada ya usanifu majengo haikupi usajili wa kitaaluma. Marekani, bodi ya ithibati ya NAAB inathibitisha shahada za kitaaluma za usanifu majengo, na hizi za usanifu wa miji haziko humo. Hapa nyumbani tuna Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na tuna bodi nyingine ya wataalamu wa mipangomiji. Usidhani uzamili utakupitisha mlango wa yoyote kati ya hizo. Waandikie, wakujibu kwa maandishi, kisha ndiyo uondoke. Ushauri wangu kwa wengi wenu ni kumaliza usajili kwanza. Miaka miwili au mitatu ya kusimamia ujenzi itawapa maswali ambayo darasa halina.

Nimeona mwalimu wangu pale anatabasamu, anajua ninakokwenda. Tumezungumza London na Boston. Je, hapa? Chuo Kikuu Ardhi kilikuwa chuo kishiriki cha Mlimani tangu 1996, kikasimama chenyewe 2007. Mwaka 2015 wanafunzi wake, pamoja na wa Mlimani, waliingia kwenye kata zinazofurika wakiwa na wenyeji, katika mradi wa Ramani Huria, wakachora mifereji, njia na nyumba ambazo hazikuwa kwenye ramani yoyote. Nairobi kuna makazi ya mabanda ya Mukuru: mwaka 2017 kaunti ililitangaza kuwa eneo maalumu la mipango, na Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore, Berkeley na Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa makazi ya mabanda, wakakaa meza moja kupanga makazi ya zaidi ya kaya laki moja bila kuwabomolea. Studio gani duniani ina uwanja wa ukubwa huo? Johannesburg, Chuo Kikuu cha Wits wana uzamili wa usanifu wa miji. Cape Town wanao pia, na kile kituo chao cha miji ya Afrika kinasomwa na hao hao mnaotaka kuwafuata Ulaya.

Simwambii mtu asisafiri. Kutazama mji mwingine kwa makini kunakurudisha kwako na macho mapya, na kazi za maktaba kubwa nimezifaidi. Nasema tu kwamba anayebaki Afrika Mashariki asijione amebakishwa. Kama studio ya hapa ndiyo iliyosimama juu ya swali lako, hiyo ndiyo bora kwako, na maktaba ya ng'ambo unaweza kwenda kwa muhula mmoja.

La mwisho ni potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zenu mnaotuma na maombi, kwa sababu hapo ndipo wengi mnapoangushwa na mnaweza kurekebisha kabla ya Desemba, ambapo maombi mengi ya Marekani huanza kufungwa. Mnatuma majengo kumi, yote ya kompyuta, yote yamesimama juu ya nyasi ambazo hazipo Dar es Salaam. Punguzeni. Tumeni eneo moja mnalolijua, mlilionyeshe kwa vipimo tofauti: mtaa mzima, kisha njia moja, kisha kibaraza kimoja na nani anakikalia asubuhi na nani jioni. Chora kwa mkono. Pima upana wa uchochoro kwa futi kamba na uuandike. Onyesha maji yanakwenda wapi mvua ikinyesha. Kamati ya chuo imeshaona minara elfu. Uchochoro wa Tandale uliopimwa na mtu anayeupenda hawajauona. Tafuteni pia wahitimu wawili watatu wa programu mnayoitaka, mwaandikie kwa adabu, mwaombe maelezo ya studio waliyopewa. Wengi hujibu. Na anayewaandikia barua ya mapendekezo mpeni miezi, msimpe siku tatu, walimu hawa ni binadamu.

Waliokuja na michoro, kuna meza tatu pale nyuma na taa zinafanya kazi. Itandazeni. Nitaanza na meza ya kushoto, walimu wamekubali kukaa kwenye hizo mbili nyingine, na tutakwenda mmoja mmoja mpaka ukumbi ufungwe.